Nani Anaongea Hivyo?

Mama yangu alifanya kazi nyumbani maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumpongeza kwa hilo. Alikuwa akipika maandazi pale Ngamiani, Tanga. Alfajiri unga umeshaumuka, karai liko motoni, nasi watoto tumegawana kazi: mmoja anatwanga iliki ya kesho, mwingine anachana magazeti ya kufungia, mimi nashika chenji kwa sababu kaka hakuaminika na sarafu.

Mimi nami nafanya kazi nyumbani, Tabata, Dar es Salaam. Ni mfasiri wa vipeperushi vya afya, mikataba, hata maelekezo ya mashine za kufulia. Shule zilipofungwa kwa sababu ya korona Machi 17, 2020, ofisi yetu nayo ikatuambia tukae nyumbani. Zikafunguliwa Juni 29, wenzangu wakarudi, mimi sikurudi, nikajiajiri. Nilishaonja raha ya kutogombania daladala, na tumbo lilikuwa limeanza kuonekana. Sheria ya kazi humpa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo. Mwajiri wangu nilikuwa mimi mwenyewe, na ni mwajiri mbaya: alinipa 25.

Raha zipo, nisizikufuru. Mwanangu aliposimama mara ya kwanza, ameshikilia ndoo ya maji, nilikuwepo. Karaha nazo zipo. Umeme wa LUKU huisha ukurasa ukiwa umebaki mmoja. Jirani anagonga, "Mama, wewe si upo tu? Niangalizie maharage jikoni." Hilo "upo tu" huniuma kuliko maharage yenyewe. Halafu kuna siku ile nazungumza na mteja, nimejikaza kwa Kiingereza cha heshima, sauti ikapaa kutoka chooni: "Mamaa, nimemalizaa!"

Kwa muda mrefu nililaumu kelele. Lakini nyumba ya mama ilikuwa na watoto sita na kelele zake, na maandazi hayakuungua. Tofauti ni kwamba kazi yake ilikuwa na mahali pa kuweka mkono wa mtoto. Yangu haina. Kitu pekee ninachomwomba mwanangu kwa saa nane ni asiwepo: nyamaza, usiguse, ngoja kidogo. Bibi yake alipomuuliza kwenye simu mama anafanya nini, akajibu, "Anaangalia kompyuta tu." Bibi alicheka kuliko nilivyopenda.

Nina tabia ya kujisomea tafsiri kwa sauti. Siku moja kilikuwa kipeperushi cha malaria: "Hakikisha kingo zote za chandarua zimefumbatwa ipasavyo chini ya godoro." Mtoto alikuwa mkekani na vifuniko vyake vya chupa. Akainua kichwa.

"Mama, nani anaongea hivyo?"

"Wewe ungesemaje?"

"Chomekea neti."

Niliifuta sentensi nzima. Badala ya "neti" nilimrudishia mteja chandarua chake, ila "chomekea" ikabaki, ikachapwa.

Tangu hapo ana ajira. Anakaa kwenye kigoda, ananisikiliza, akikunja uso najua nimeharibu. Ujira wake ni barafu moja ya ubuyu kwa kila kazi, na wiki iliyopita alidai mbili kwa hoja kwamba "hii ndefu". Jana nilimsomea mkataba wa kupangisha nyumba. Kifungu cha tatu hakikuisha, akawa amesinzia. Nilimlipa barafu yake vilevile.