Nyumba Moja, Milango Sita

Watu wengi wakisikia unajifunza kutengeneza tovuti wanawaza hesabu. Mimi pia niliwaza hivyo, hadi nilipoanza masomo ya jioni: mwandishi wa habari wa miaka thelathini na kitu, nimekaa dawati moja na vijana waliomaliza kidato cha sita juzi tu. Kumbe HTML haina hesabu. Ni kupanga maneno: hiki kichwa cha habari, hii aya, hiki kisanduku cha kujaza. Kazi ya mhariri kabisa.

Ugumu ulianza tulipotakiwa kutengeneza fomu ya kukusanya taarifa za mafuriko, kisha twende nayo kwa watu. Kundi letu likapangiwa Tandale, kando ya Mto Ng'ombe. Tandale si ngeni kwa utafiti wa namna hii. Mwaka 2011 wakazi na wanafunzi wa chuo walichora ramani ya kata hiyo, na kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ukachora maeneo mengi ya Dar es Salaam yanayokumbwa na mafuriko, kwenye OpenStreetMap, ramani ambayo yeyote anaweza kuichangia.

Fomu ilifuata kiolezo tulichopewa: nyumba moja, mkuu wa kaya mmoja. Swali hilo lilikuwa la lazima. Usipojibu, fomu haiendi.

Sasa, nyumba tuliyoingia ilikuwa nyumba ya Kiswahili: korido katikati, vyumba sita, kila chumba familia yake na kodi yake. Mwenye nyumba anaishi kwingine. Nikampa shikamoo mama mmoja aliyekuwa akichambua mchele, nikamuuliza mkuu wa kaya ni nani.

"Kaya ipi, mwanangu?"

"Ya nyumba hii, mama."

Akacheka. "Maji yakija hayamtafuti mwenye nyumba. Yanaingia milango yote sita."

Akanionyesha alama ya maji ukutani. Ilinifika gotini.

Kwa fomu ile, familia tano zingepotea, na kompyuta isingelalamika, maana kila kisanduku kingekuwa kimejazwa sawasawa. Halafu siku ya mafuriko mtu akae ofisini na orodha hiyo, agawe magodoro. Nyumba hii ingepata la kaya moja. La nani?

Tulirudi darasani tukaongeza kitufe: "Ongeza kaya". Ukikibonyeza, maswali yanajirudia kwa mlango unaofuata. Ni mistari michache ya JavaScript, ila ilituumiza kichwa jioni mbili. Tuliporudi Tandale, yule mama aliita majirani zake, kila mmoja akasema ya kwake. Muuza chapati wa chumba cha mwisho alieleza jinsi unga wa mtaji wake wote ulivyolowa usiku mmoja. Kwenye fomu ya kwanza asingekuwepo.

Mwalimu alikisifu sana kile kitufe. Tukamwambia aliyekibuni ni mama wa Tandale. Sisi tuliandika tu.