Kicheko Kilichochelewa

Nilizaliwa Geita, mji wa dhahabu, ambako watu wa makabila mengi huelewana kwa Kiswahili. Ndicho nilichokulia, ndicho ninachotungia mashairi. Kisukuma cha bibi yangu kiliniishia kwenye maamkizi.

Mwezi mmoja wa Juni, kabla daraja la Kigongo–Busisi halijafunguliwa, nilivuka ziwa kwa kivuko nikaenda Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, kutazama Bulabo. Hii ni sherehe ya ngoma za Wasukuma, iliyofungamana na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Vyama viwili vya jadi, Bagika na Bagalu, hushindana kwa wakati mmoja: wapo wachezao na majembe, wapo wachezao na nyoka. Hakimu ni hadhira yenyewe. Avutaye umati ndiye mshindi.

Niliposimama, manju alitoa ubeti mmoja tu. Umati ukaangua kicheko, na watu wa upande wa pili wakakimbilia kwetu. Nami nikacheka, kwa kuchelewa, nikiwafuata wenzangu. Bikizee aliyekuwa kando yangu akaniuliza, "Mjukuu wangu, umecheka nini?"

Sikuwa na jibu. Akanifasiria taratibu. Maana ilifika, kicheko hakikufika.

Malenga wenzangu, tangu siku ile nina daftari. Kila Jumapili mama hunifundisha maneno machache ya Kisukuma. Nikirudi Bujora, nataka kicheko changu kitoke pamoja na cha umati, si baada yake.