Alama Zimo Ndani ya Uzi

Tanga, Jumapili usiku

Mpwa wangu mpendwa,

  

Picha ya besi ulilonunua nimeitazama mara nyingi. Nimeikuza kwenye simu mpaka nikaona mishipa ya mti. Shingo nyeusi, laini, haina chuma cha freti hata kimoja, haina mistari, na hata ubavuni hamna nukta. Ni gitaa zuri, usimsikilize aliyekwambia umeuziwa kitu kibovu. Na sasa unaniuliza kama uchore mistari kwa rangi ya kucha ya dada yako. Usichore. Najibu hilo kwanza kabisa kwa sababu nakujua: nikichelewa siku mbili utakuwa umeshachora.

Miaka mitatu umepiga besi kanisani kwa kufuata nukta, ya 3, ya 5, ya 7, ya 9, kisha zile mbili za 12. Ulikuwa unakwenda kama dereva anayesoma mawe ya maili. Mawe yakiondolewa, barabara haijahama, ila dereva anahisi amepotea. Mimi nimepotea hivyo, tena mbele ya watu.

Nilikuwa katika mwaka wangu wa nane wa kupiga. Besi langu liliharibika siku ya harusi huko Muheza, nikaazima la mwenzangu. Freti zake zote 20 zilikuwepo, lakini mwenyewe alikuwa amelipaka rangi upya, shingo na vyote, nukta zikafukiwa chini ya rangi. Wimbo ulikuwa wa A. Kila kodi ya E ilipofika, mkono wangu ulitakiwa kwenda freti ya 7 katika uzi wa A. Ulikwenda ya 8. Nikapiga F chini ya kodi ya E, mwimbaji akageuka kunitazama, nikarudia kosa lile lile mara ya pili, na mara ya tatu nikaacha kupiga nikaanza kuhesabu freti moja moja kutoka juu huku wimbo ukiendelea bila besi. Usiku ule sikulala. Kilichoniuma si kosa lenyewe. Niligundua kwamba kwa miaka minane macho yangu ndiyo yaliyokuwa yakipiga gitaa, na sikio langu lilikuwa abiria.

Aliyenitoa hapo ni mzee mmoja wa Unguja, mpiga udi. Nilikwenda kule kikazi, nikawa nashinda kwake jioni. Taarabu ya Unguja ni ya siku nyingi, Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, na ukiangalia ala zinazoibeba, udi na fidla na lile besi kubwa la kusimama, zote shingo zake ni tupu kama ya gitaa lako. Hakuna anayeziona kuwa na kasoro. Mzee yule alikuwa akipiga huku anatazama mlangoni nani anaingia. Nilimwuliza mkono unajuaje pa kukaa. Akaniambia niache kutazama mkono wake na niimbe sauti anayotaka kuipiga kabla hajaipiga. Nilipoweza kuiimba, akaniambia, basi mkono wako nao utaweza.

Tena alinionyesha kitu ambacho freti haziwezi kukupa. Katika ngazi ya sauti iitwayo maqam ya Rast, sauti ya tatu haikai pale tunapoimba mi ya kwaya, wala haishuki hadi mi ya huzuni. Inakaa katikati. Kwenye gitaa lenye freti mahali pale hapapo, ni mti tu kati ya vyuma viwili. Kwenye shingo tupu papo.

Sasa twende kwenye kazi. Chukua futi ya fundi cherehani, pima uzi kuanzia kile kijiti cha juu unapopita hadi kwenye daraja. Kama gitaa lako ni la kipimo cha kawaida utapata inchi 34, yaani sentimita 86 na kidogo. Nitaviita vituo, maana freti hakuna. Nusu ya uzi, kama sentimita 43, ndicho kituo cha 12. Theluthi yake kutoka juu, karibu sentimita 29, ni kituo cha 7. Robo yake, sentimita 21 na nusu hivi, ni kituo cha 5. Tofauti kati ya hesabu hii na pale ambapo fundi angepigilia freti haifiki milimita moja.

Ukishayaona hayo, iweke futi mbali. Gusa uzi kwa kidole bila kuukandamiza, kama unavyogusa paji la uso la mtoto kuangalia homa, uchapue, kisha uondoe kidole. Karibu kila mahali utasikia sauti iliyokufa. Ukifika nusu, uzi utaimba kama kengele. Ukifika theluthi utaimba tena, juu zaidi. Ukifika robo, juu zaidi ya hapo. Hizo ndizo hamoniki. Zinatokea kwa sababu uzi unapotetemeka haujongei kama kitu kimoja tu. Ndani yake unajigawa nusu, theluthi, robo na kuendelea, na palipo na mpaka wa vipande hivyo uzi hautikisiki, kwa hiyo kidole chako hapo hakiuzuii. Zima taa, fumba macho, utavipata vituo vya 12, 7 na 5 katika nyuzi zote nne bila kuona chochote. Rangi ya kucha ya nini, wakati uzi wenyewe umejiwekea alama zisizofutika?

Kutoka hivyo vitatu utafika kote, kwa sababu nyuzi za E, A, D na G zimepishana kwa hatua zilezile. Kituo cha 5 cha uzi mnene ni sauti ya uzi unaofuata ukiachwa wazi. Oktava iko nyuzi mbili mbele na vituo viwili kuelekea daraja. Sauti ya tano, ile so ukihesabu kutoka do, iko uzi mmoja mbele na vituo viwili kuelekea daraja. Umbo la mkono ni hilo hilo popote uendapo. Haya ulikuwa unayajua kwa macho, sasa yafanye kwa ngozi.

Kuna tabia moja ya gitaa la freti itakayokusumbua wiki za mwanzo, na hakuna atakayekuonya. Ulizoea kuweka kidole nyuma kidogo ya chuma, kwa sababu chuma ndicho kilichokata uzi. Hapa kidole chenyewe ndicho kinachokata, kwa hiyo kinakaa juu kabisa ya pale ambapo chuma kingekuwa. Ukikiweka pa zamani, kila noti itakuwa imeshuka kidogo, nawe utadhani nyuzi zimelegea, utazikaza, na mambo yatazidi kuharibika.

Vituo pia havilingani upana, na hili ulipuuza kwa sababu chuma kilikusamehe. Kutoka kijiti cha juu hadi kituo cha 1 ni karibu sentimita 5. Ukipita kituo cha 12, kuruka kituo kimoja ni nusu ya hapo. Mkono hauna budi kupanuka karibu na kijiti na kukunjika ukielekea daraja. Wapiga besi la kusimama wana dawa yao ya zamani ambayo Franz Simandl, aliyefundisha Vienna, aliiandika kitabuni na bado inafuatwa. Karibu na kijiti, ambako vituo viko mbali mbali, tumia kidole cha shahada, cha kati, na cha mwisho kikisaidiwa na cha pete, badala ya kulazimisha vidole vinne vichukue vituo vinne. Mkono wako bado ni mwembamba, usiutese.

Liachie kazi na dole gumba. Nyuma ya shingo lina uwezo wa kukumbuka kuliko unavyodhani, ilimradi usilishikishe kama mtu anayening'inia. Na mwili wa gitaa unakupa mipaka. Katika magitaa yenye umbo la Fender, kama hilo lako linavyoonekana pichani, ncha ya pembe ya juu, pale unapofunga mkanda, huwa karibu usawa wa kituo cha 12.

Sasa nikuambie ninachokipenda kuliko vyote. Piga G katika uzi wa D, kituo cha 5, huku umeuacha uzi wa G wazi, usiuguse. Kidole kikikaa sawasawa, uzi wa G utatetemeka wenyewe. Utauona, na ukiuzima kwa ghafla ule wa D utausikia wa G ukiendelea kuimba peke yake. Sogeza kidole kwa upana wa nywele chache, unanyamaza. Fanya vivyo hivyo na A katika uzi wa E, uone uzi wa A unavyoitikia. Hata G ya kituo cha 3 kwenye uzi mnene huuamsha uzi wa G, ingawa ni oktava moja juu yake. Gitaa linakuambia umefika. Nukta ya rangi haiwezi kukuambia hivyo, inaweza tu kukuambia kwamba kuna mtu aliwahi kupaka rangi hapo.

Uliniuliza pia kuhusu mpiga besi Jaco Pastorius. Alizaliwa mwaka 1951, na mwaka huo huo Leo Fender alitoa gitaa lake la besi akaliita Precision, yaani usahihi, kwa sababu freti zilimhakikishia mpigaji noti iliyo sawa bila kuhangaika kama mwenzake wa besi la kusimama. Jaco akapiga Fender Jazz la mwaka 1962 lililong'olewa freti, mapengo yakazibwa na ubao ukapakwa gundi ngumu ya boti. Sikiliza albamu yake ya mwaka 1976. Lakini nisikufiche: mistari ya freti zilizong'olewa ilibaki ikionekana kwenye shingo yake. Kwa hiyo simlaumu mwenye mistari. Mistari inakufikisha mtaani, nyumba unaitafuta kwa sikio. Wewe umeanza bila mtaa, na ndiyo maana nataka sikio lako likue kwanza.

Kama hofu ni kubwa Jumapili ijayo, chukua penseli, weka vidoa vitatu ubavuni, vya 5, 7 na 12, na ujipe mwezi mmoja kisha uvifute. Mbele ya shingo usiweke kitu. Ukiinama kuangalia mbele unaona kwa mshazari, na alama unayoiona kwa mshazari si pale ilipo.

Kila siku kabla ya mazoezi ya kwaya, mwombe mpiga kinanda akushikilie A moja ndefu, hata dakika tano tu. Imba do juu ya A hiyo, halafu weka kidole. Imba re, weka kidole. Usiweke kidole kabla ya kuimba, hata kama unajua. Wewe ni mtoto wa kwaya, solfa zimo kifuani mwako tangu una miaka sita, tatizo ni kwamba hujawahi kuziunganisha na mkono wa kushoto. Na usitikise kidole ili kuficha noti iliyokosea. Isimamishe, isikilize, isogeze, ndipo uitikise kama wimbo unataka.

Nyuzi zilizofungwa kwenye gitaa lako ni zile za duara zenye kukwaruza, na shingo isiyo na freti zitaichimba. Ninazo bapa seti moja, hazijafunguliwa, nitazituma kwa basi la Jumatano. Ukizifunga, anza na ile G ya kituo cha 5. Uzi wa pembeni ukitetemeka wenyewe, nipigie simu hata kama ni saa sita za usiku, nataka niusikie.

Mimi mjomba wako