Mdada wa Same, matairi ya 90 na hela ya macho ya mama

Kuna mdada mmoja pale Same, miaka 26, ana kiduka cha vipodozi. Alipopimwa presha akaambiwa imepanda, na kwa jinsi alivyoona presha ilivyomtesa baba yake, usiku ule hakulala. Kukimbia magoti yanamuuma. Basi akaenda mitumba ya Memorial, Moshi, akarudi na viatu vya matairi, vile vya matairi manne kwenye mstari mmoja.

Wiki za mwanzo raha tupu. Saa kumi na mbili asubuhi, upepo wa Same haujaanza kupeperusha vumbi, yeye tayari yuko kwenye kipande cha lami cha mtaani. Barabara kuu ya Arusha hakanyagi, yale mabasi hayana masihara. Shida ikawa moja: matairi yalikuwa ya milimita 72, tena yameliwa upande wa ndani. Kila kokoto anaisikia mpaka kwenye meno.

Akazama mtandaoni. Akaona watu wa mbio za Ulaya wanateleza na matairi ya 110 mpaka 125. Roho ikamruka. Hela ya mchezo ilikuwa imemwangukia wiki ile ile, akaagiza matairi ya 90 seti nzima, laki na ishirini ikaondoka.

Sasa hapo ndipo penye utamu. Hela ile alishamuahidi mama yake, anayeshusha tangawizi kutoka Mamba Myamba, kwamba wataenda kupima macho. Akamwambia, "Mama, vuta subira, mchezo umesogezwa mbele." Uongo mtupu.

Mzigo ukafika na basi. Akampelekea fundi baiskeli. Fundi akajaribu tairi la kwanza, la pili, akacheka.

"Dada yangu, hapa kwenye fremu pameandikwa 80 mwisho. Hukusoma?"

Hakusoma. Fremu ya 80 matundu yake ya boliti yamekaribiana, ukilazimisha 90 matairi yanagusana, hayazunguki. Labda anunue na fremu nyingine.

Siku hiyo ndiyo alijifunza kitu. Tairi la 72 likizunguka mara moja linakupeleka kama sentimita 22 na nusu, la 80 sentimita 25. Ukitaka mwendo mrefu wa mazoezi, 80 linakufaa vizuri tu. Kubwa zaidi linakimbia na linapita kokoto kirahisi, ila linakunyanyua juu, ni zito kuliondoa, na kwa anayejifunza kuanguka ni nje nje. Kuna na ile namba yenye herufi A, kama 78A au 85A. Ndogo ni tairi laini, linameza mtikisiko wa lami mbovu ila linaisha haraka. Beringi ziko 16, mbili kila tairi, na kwa vumbi la Same kuzisafisha ni bora kuliko kununua za bei mbaya. Tairi likianza kuliwa upande mmoja, la kwanza unalibadilisha na la tatu, la pili na la nne, unaligeuza na upande. Na breki ya kisigino usiing'oe kwa ajili ya picha, mji wenyewe uko chini ya mlima.

Jioni akaenda kwa mama, akasema ukweli wote. Mama akanyamaza, akaendelea kuchambua tangawizi. Baadaye akasema, "Mwanangu, maandishi yalikuwa mbele yako hukuyaona. Sasa kati yetu nani akapimwe macho?"

Walicheka, ila mdada alilia pia.

Yale ya 90 akayauza kwa hasara. Hela iliyorudi ikaenda kwenye macho ya mama kwanza. Matairi ya 80 yalisubiri miezi miwili, na siku yalipofika, aliyesoma namba kwenye fremu alikuwa mama, na miwani yake mpya.

Haya wadau, wewe ungemwambia mama ukweli siku ile ile?