Hodhi Chini ya Tangi la Samaki

Umeme ulikatika usiku mjini Kampala. Afisa mmoja mstaafu, akielekea jikoni kunywa maji, akakanyaga bahari sebuleni. Tangi lake la samaki wa maji ya chumvi lina urefu wa sentimita 120 na upana wa 50. Pampu iliposimama, bomba la kurudishia maji, ambalo mdomo wake ulizama sentimita 20, likaanza kuyanyonya kinyume: karibu lita 120 zikashukia hodhi lililobakiwa na nafasi ya lita 40. Soketi ilikuwa sakafuni, na umeme ungeweza kurudi wakati wowote. Mkewe akawazuia watoto mlangoni hadi swichi kuu ilipozimwa.

Asubuhi aliupandisha mdomo wa bomba, akalitoboa tundu sentimita 2 chini ya uso wa maji ili hewa iukate mnyonyo. Sasa zashuka lita 12 na ushei. Bomba la kushushia hakulitia koki, akaongeza la pili la akiba, kwani konokono mmoja atosha kuliziba. Soketi ikahamia juu ukutani. Kisha akaizima pampu makusudi, akangoja maji yatulie, akachora mstari hodhini.

Tundu nalo huziba. Mkewe huizima pampu kila Jumamosi, pasipo kumwarifu.