Mjomba na majarida ya sandukuni

Kijana wa Masasi alimaliza kidato cha sita, masomo ya sayansi. Baba yake, mkulima wa korosho, alishaamua akasomee famasi. Kijana akasema anataka uandishi wa habari, tena aanzishe jarida lake. Nyumba ikanuna.

Mama hakubishana. Kwa Wamakonde neno la mjomba lina uzito, basi akampandisha gari la Newala, kwa kaka yake, mwalimu mstaafu.

Mjomba alifungua sanduku la bati akatoa nakala chache za The Weekly Review, zimegeuka rangi ya chai. Mwenye jarida hilo, Hilary Ng'weno, alizaliwa Kenya mwaka 1938, akasoma fizikia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Mzazi gani asingemngoja profesa? Yeye akarudi kuandika habari, na katika miaka ya 1960 akawa Mwafrika wa kwanza kuwa mhariri mkuu wa Daily Nation. Hakukaa sana kwenye kiti hicho. Mwaka 1975 akaanzisha jarida hilo la siasa, mali yake mwenyewe, likadumu hadi 1999. Yeye na mkewe, Fleur, walitoa pia Rainbow, jarida la watoto. Wachambuzi wa siasa wangapi hukumbuka watoto?

Kijana akatabasamu. Mjomba hakuishia hapo, na hapo ndipo alipofanya kazi ya ujomba. Alimweleza habari za Nairobi Times, gazeti ambalo Ng'weno alilianzisha 1977. Fedha hazikutosha. Mwaka 1983 likauzwa kwa chama tawala, KANU, likawa Kenya Times.

"Wewe toleo la kwanza lisiponunuliwa, mwenye mtambo utamlipa nini?"

"Nitatoa kwenye simu, mjomba."

Mzee akacheka. Hata binti wa Ng'weno, Amolo, alikimbilia intaneti mapema. Alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa kampuni ya Africa Online miaka ya 1990. Lakini bando nalo hununuliwa.

Baba hakukosea kuogopa. Mjomba alijua hilo, ndiyo maana jioni alipompigia shemeji yake hakumwombea kijana ruhusa. Aliomba wakae watatu baada ya mnada wa korosho, kijana aje na hesabu: bando, nauli ya kufuata habari, na chakula cha miezi 6 bila mapato.

Baba alikubali kuiona hesabu. Fomu ya chuo bado haijajazwa.