Maji ya Kifuani

Ugonjwa wa baba yangu ulianzia puani. Miaka kadhaa kabla mkono wake wa kulia haujaanza kutetemeka, aliacha kusikia harufu ya dagaa. Kwa mtu aliyezaliwa Igombe na kufanya kazi ufukweni maisha yake yote, hilo ni sawa na mkazi wa Kariakoo kuacha kusikia honi za magari. Dagaa wakianikwa, harufu yao haibishi hodi. Inaingia kwenye nguo, kwenye nywele, hata kwenye madaftari ya watoto wa shule. Baba alikuwa anapita katikati yake kama anayepita kwenye hewa tupu, mwenyewe akicheka kwamba ana mafua yasiyoisha. Daktari ndiye aliyetueleza, baadaye sana, kwamba kupotea kwa harufu ni mojawapo ya dalili za mwanzo za ugonjwa wa Parkinson, na kwamba huweza kuutangulia mtetemo kwa miaka mingi.

Baba ni fundi wa mitumbwi. Dalili ya pili ilijificha kwenye daftari lake la vipimo. Tarakimu zilianza kunywea: mwanzo wa mstari zilikuwa kubwa kama punje za mahindi, mwisho wa mstari zimekuwa kama ulezi. Kisha mkono mmoja ukaacha kupunga alipotembea. Mtetemo ulikuja mwisho, nao una tabia ya ajabu: hujitokeza mkono ukiwa umepumzika. Akishika randa, mkono ulitulia. Kwa hiyo kazini alionekana mzima, ila akiketi kijiweni na kikombe cha kahawa mbele yake ndipo watu waliona. Wengine wakasema pombe. Wengine wakasema kuna mteja alidhulumiwa mtumbwi, sasa anajilipa.

Baba hakuwa peke yake katika kukosa jina la kinachomsumbua. James Parkinson, daktari wa London, aliuandika ugonjwa huu mwaka 1817 akiwa na wagonjwa 6 tu, na baadhi yao aliwaona wakipita mtaani. Hapa Tanzania, watafiti walipita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalitaja wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa na daktari yeyote kwamba wana Parkinson. Kila ninapoisoma namba hiyo huwaza vijiwe vingapi vya Hai vilisema pombe.

Kinachotokea ni hiki: ndani kabisa ya ubongo kuna seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia mwili kuanzisha mwendo na kuuendesha bila kukwamakwama. Katika Parkinson seli hizo zinakufa taratibu. Dawa kuu ni levodopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini. Levodopa hiyohiyo imo kwenye mbegu za upupu, ule mmea tuliokuwa tunaukimbia porini kwa sababu ya kuwashwa. Mtu asije akajitibu kwa upupu wa porini, kwani kipimo chake hakitabiriki. Lakini Baba alipoambiwa hivyo alitikisa kichwa na kusema, "Kumbe adui naye ana mfuko wa dawa."

Dawa ilileta mambo mapya jikoni. Protini hushindana na levodopa kuingia mwilini, kwa hiyo tukaambiwa vidonge vinywewe tumbo likiwa tupu, nusu saa au zaidi kabla ya kula, na kwa mgonjwa kama yeye samaki wengi wahamie mlo wa jioni. Mwambie mtu wa Igombe kwamba mchana atakula ugali na mchicha ili mkono wake usikie dawa! Alikubali, kwa sharti kwamba usiku asihesabiwe vipande vya sato.

Vidonge vilipunguza mtetemo na ukakamavu. Havikumwondolea kuanguka. Miguu yake ilikuwa inagoma mlangoni. Anatembea vizuri hadi kizingiti cha jikoni, halafu nyayo zinanata sakafuni kama zimepigwa misumari, huku kiwiliwili kinaendelea mbele. Tulichora mistari ya chaki sakafuni ili airuke mmojammoja, na ilisaidia, kwa sababu jicho likipewa alama ya kukanyaga, ubongo hupata njia nyingine ya kuuamuru mguu. Lakini nje ya nyumba hakuna chaki. Baada ya kuanguka mara ya tatu alianza kukaa. Alikaa asubuhi, alikaa jioni. Hofu ya kuanguka ilimfunga kuliko kuanguka kwenyewe, na mtu mwenye Parkinson asipotembea, misuli inalegea, na uwezo wa kutembea unazidi kumtoka.

Mtaalamu wa fiziotherapia, kijana mdogo kuliko mimi, ndiye aliyeuliza, "Mzee, ulikuwa unaogelea?" Tulicheka wote. Ni kama kumuuliza Msukuma kama amewahi kuona ng'ombe.

Alitueleza kwa utulivu. Ukisimama majini hadi kiunoni, miguu inabeba takriban nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani, inabeba kama theluthi tu. Maji yanakusukuma kutoka kila upande, kwa hiyo mwili unapata habari za mahali ulipo. Yanapinga kila hatua, kwa hiyo misuli inafanya kazi bila kubeba chuma. Na jambo ambalo mimi nililishika kuliko yote: majini mtu anaanguka polepole. Nchi kavu, mguu wa Parkinson unachelewa, na ukija kufika mtu yuko chini tayari. Maji hayamponyi kuchelewa huko. Yanamsubiri tu.

Tafiti zipo, pamoja na moja ya Italia ya mwaka 2014 iliyolinganisha mazoezi ya majini na ya nchi kavu. Waliofanyia majini walipata nafuu kubwa zaidi katika kusimama bila kuyumba na katika hofu ya kuanguka. Ni tafiti ndogo, za watu makumi. Hakuna iliyothibitisha kwamba maji yanauzuia ugonjwa kusonga mbele. Nililiandika hilo kwenye simu yangu ili siku nikianza kuota miujiza, nilisome.

"Basi maji tunayo," Baba akasema. Akaelekeza kidevu upande wa ziwa.

Hapo ndipo ugumu ulipo. Tunaishi kando ya ziwa lenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 69,000, na maji yake si yale yanayozungumzwa na tafiti. Yale yamo kwenye bwawa la sakafu sawa, yamepashwa moto hadi nyuzi kama 33, kwa sababu baridi humkaza mtu mwenye misuli iliyokwisha kukazana. Ziwa letu ni la baridi zaidi ya hapo, lina mawimbi, na chini kuna mawe ya Mwanza yasiyomjali mtu. Lina konokono wanaobeba kichocho, na vimelea vyake huingia kupitia ngozi ya anayesimama majini tu, hata asipomeza tone. Kusimama majini nusu saa, mara mbili kwa wiki, ndiyo tiba tuliyokuwa tunaitafuta.

Na kulikuwa na jambo zito zaidi. Mwaka 2019 madaktari wa Zurich, Uswisi, waliandika kuhusu wagonjwa 9 wa Parkinson waliowekewa kifaa cha umeme ubongoni. Mwendo wao ulikuwa umepata nafuu, lakini kuogelea kukawa kumewatoka, ingawa walikuwa waogeleaji wazuri. Mmoja alikuwa na nyumba kando ya ziwa. Alijirusha majini akijiamini kama zamani, na angezama kama jamaa yake asingemwahi. Watatu walipozimiwa kifaa, uwezo ulirudi papo hapo. Baba hana kifaa kichwani. Lakini mtaalamu alisema kuogelea kunadai mikono na miguu ipokezane bila mtu kufikiri, na kupokezana huko ndiko Parkinson inakokuvuruga. Mtu anaweza kubaki na kumbukumbu yote ya kuogelea na asiwe nako tena mwilini. Asiyejua kuogelea huogopa maji. Aliyejua ndiye hujirusha.

Shangazi hakuhitaji habari za Zurich. Tangu Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu, hajapanda chombo chochote cha majini. Kila mwaka huenda Igoma, kwenye makaburi ya waliokufa siku ile. "Mnataka kumpeleka mtu asiyeweza kuvuka kizingiti cha jikoni aende akavuke maji?" aliuliza. Hakuna aliyemjibu, kwa sababu lilikuwa swali la haki.

Tulipata bwawa kwenye hoteli moja mjini. Mara ya kwanza mhudumu alimtazama Baba anavyotetemeka, akanivuta pembeni. "Dada, mzee amekunywa?" Nilimweleza. Akaenda kumuuliza meneja, akarudi na masharti: tuje asubuhi kabla ya wageni, tulipe kiingilio cha kila mtu, pamoja na mtaalamu. Tulikubali. Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, uso wake haujabadilika. Lakini uso wa Parkinson haubadiliki ovyo, misuli yake nayo imegoma. Huwezi kuusoma kujua kama mtu amesikia.

Alikuwa amekunywa dawa saa nzima kabla, ili aingie wakati inafanya kazi. Mtaalamu alimtangulia majini, mimi nikawa nyuma. Ngazi nne, mkono kwenye chuma. Maji yalikuwa ya vuguvugu la jua tu, ila kwa nusu saa yalitosha. Yalipomfika kifuani alisimama kimya, mikono juu ya maji kama mtu anayepima mbao kwa viganja.

Walianza kwa kutembea. Mbele, nyuma, upande. Hatua kubwa kupita kawaida, kwa sababu Parkinson hufupisha kila kitu, kuanzia maandishi hadi hatua. Mtaalamu akamwambia ahesabu kwa sauti kubwa, naye akahesabu kwa Kisukuma, na miguu ikafuata hesabu. Kisha kugeuka, ambako nchi kavu ndiko kunakomwangusha: asizunguke papo hapo, bali ajikunje kwa hatua kama mtumbwi unaogeuza pua. Mfano huo alitoa mwenyewe.

Halafu mtaalamu akamsukuma begani. Kidogo, lakini bila kumtahadharisha. Nilinyoosha mikono. Baba aliyumba nyuma, akaendelea kuyumba, na niliona kabisa mguu wake wa kulia unavyochelewa, kama kawaida. Kisha ukafika. Ulitua nyuma yake, ukashika sakafu, akasimama. Ilichukua labda sekunde mbili, na nchi kavu hazipo.

"Nisukume tena," akasema.

Alisukumwa mara kumi na moja. Nilihesabu. Mara mbili mguu haukufika, akazama hadi kidevuni na mtaalamu akamdaka. Mara ya pili alitoka anakohoa na kucheka, na cheko lile lilifika hadi usoni.

Kutoka majini nako kuna utaratibu wake. Mgandamizo wa maji ukiondoka ghafla, shinikizo la damu linaweza kushuka na mtu akapata kizunguzungu, na wagonjwa wa Parkinson wengi tayari wana tatizo hilo. Kwa hiyo huwa anakaa kwenye ngazi ya mwisho dakika kadhaa, taulo mabegani, akinywa maji. Katika dakika hizo ndipo anapozungumza zaidi. Aliwahi kumweleza yule kijana jinsi ya kusokomeza pamba kwenye maungio ya mbao ili mtumbwi usivuje, na kwamba mtumbwi usioyumba kabisa umekwama mchangani.

Tumeendelea kwa miezi saba. Mtaalamu ametutafutia wenzetu wawili, mwalimu mstaafu mwenye Parkinson na mama aliyepata kiharusi, na sasa tunagawana gharama yake. Shangazi huja na kuketi kivulini, mgongo ameupa bwawa, akitaka aambiwe tu tukimaliza. Baba amerudi kutembea hadi kijiweni, na fimbo. Ameanguka mara moja tangu tuanze. Dozi ya dawa imepanda pia, kwa hiyo siwezi kusema kipi kimefanya nini. Najua ugonjwa haujasimama, maana maandishi yake yamezidi kunywea.

Mwezi uliopita, tukirudi Igombe, aliomba gari lisimame ufukweni. "Siku moja tu, mayu. Hadi kifuani. Mimi si mgeni wa ziwa hili." Mitumbwi mitatu iliyokuwa imepakiwa mchangani aliiunda yeye. Nilimwambia hapana. Nilimtajia kichocho, nikamtajia mawe, na yule mzee wa Uswisi nikamtajia pia. Alisikiliza yote, akaniuliza yule mzee aliokolewa na nani. Nikasema jamaa yake.

"Basi huyo jamaa," akasema, "alikuwa anajua kuogelea."

Mimi nilifundishwa kuogelea na yeye, pale pale, mkono wake chini ya mgongo wangu. Jibu langu limebaki hapana. Lakini nimemwomba mtaalamu anifundishe namna ya kumdaka, mahali pa kuweka mikono na mahali pa kusimama. Jumamosi ijayo yeye atakaa pembeni ya bwawa, na nitakayemsukuma Baba ni mimi.